Kwa Baiskeli Kutoka Maseno Hadi Mfangano

(Mazungumzo mbele ya vijana na wazazi, baada ya swala ya Alasiri)



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Mwenyekiti, waalimu wetu, wazazi wetu mlioketi upande wa nyuma, na ndugu zangu vijana. Nimeombwa niwazungumzie safari tuliyoifanya wanafunzi watano kwa baiskeli, kutoka hapa Maseno hadi visiwa vya Mfangano na Rusinga, Desemba ya mwaka 2025, siku za mwanzo za Rajab. Katibu ameniambia nina dakika ishirini, na ameniambia nisihubiri kwa sababu wahubiri tunao. Basi mimi nitasimulia. Nikijisahau nikaanza kuhubiri, mnikoholee.

Wazo lenyewe lilianza na picha. Mmoja wetu alikuwa akituonyesha katika simu yake vijana wanaozunguka visiwa vya Lofoten, kule Norway, kwa baiskeli. Barabara inatoka kisiwa kimoja inapanda daraja inaingia kisiwa cha pili, pasipo daraja feri inabeba watu na baiskeli zao, na milima imesimama wima kutoka ndani ya maji. Tukastaajabu, tukasema mashaallah. Kisha ndugu yetu mmoja, Mluo wa Kendu Bay, akauliza kwa upole, "Na Rusinga je?" Tukanyamaza. Kati ya watu watano, wanne hatujawahi kufika Rusinga, na ziwa tunaliona kila tunapoteremka Kisumu! Kumbe mtu anaweza kujua madaraja ya Norway na asijue daraja la Mbita.

Na kwa kuwa tumo katika Ramadhan, niseme kidogo juu ya nchi hiyo ya Norway. Sehemu za kaskazini, majira yao ya joto, jua halizami kabisa. Waislamu wa mji wa Tromsø, Ramadhan inapoangukia miezi hiyo, wako wanaofuata saa za Makka ili wajue lini wale na lini wafunge. Sisi hapa mstari wa Ikweta unatupitia mlangoni, kibao chake kiko kando ya barabara ya Busia. Mwaka mzima mchana wetu na usiku wetu ni karibu sawasawa. Aliye Maseno akilalamika kwamba saumu ni ndefu, sijui atawaambia nini watu wa Tromsø.

Haya, turudi kwenye baiskeli. Wako waliotucheka. "Nyinyi wasomi mnarudi nyuma, watu wako kwa pikipiki." Lakini wazazi wetu waliopo hapa wanakumbuka kwamba bodaboda yenyewe ilikuwa baiskeli. Jina lilitoka mpakani kule Busia, ambako vijana walikuwa wakivusha watu kutoka kituo cha mpaka cha Kenya hadi cha Uganda, wakiita "border, border", likageuka boda boda. Kisumu hii ilijaa baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma. Kuanzia mwaka 2008 hivi, kodi ya pikipiki ndogo ilipopunguzwa, baiskeli zikaanza kuondoka barabarani. Tulipozitafuta tulipata mbili za kuazima, na tatu tukakodisha kwa mafundi, hizi nzito zinazoitwa Black Mamba. Haina gia hata moja. Ina keria ya chuma inayobeba gunia la mahindi, na kila kijiji ukiharibikiwa utapata mtu anayeijua. Ndugu mwenye baiskeli ya gia ndiye aliyetusumbua zaidi njiani, kwa sababu gia zilipokatika hakuna fundi aliyekuwa na vipuri vyake.

Sasa kabla ya kutoka kulikuwa na mambo matatu, na haya niliyaona mazito kuliko barabara.

La kwanza, wazazi. Wote tuna umri wa watu wazima, lakini tulikubaliana hatoki mtu bila idhini ya nyumbani. Mama mmoja, Allah amhifadhi, hakuuliza habari za magari wala za mamba. Aliuliza, "Mtaswali wapi, na nani atawafulia?" Baba wa ndugu yetu wa Mumias alikataa kabisa kwa juma zima. Alisema mtoto wake hajui kuogelea. Alikubali pale alipoambiwa nani atakuwa amiri wa safari, akataka azungumze naye kwa simu, na wakazungumza karibu nusu saa. Waliyosemezana sisi hatukuambiwa.

La pili, amiri. Mnajua sunna ya wasafiri: wakiwa watatu, wamteue mmoja wao awaongoze. Madrasa tulisoma hilo tukiwa wadogo, tukaliandika daftarini, tukapata maksi. Kulifanya ni kitu kingine. Wengine tulitaka yule wa Kendu Bay kwa kuwa ni mwenyeji. Yeye mwenyewe akakataa, akasema mwenyeji ni dalili wa njia, si amiri, akiwa vyote viwili atawapeleka kila kwa shangazi yake. Tukamchagua ndugu yetu wa Mombasa. Ni mpole, si mwepesi wa maneno, na nitasema ukweli, alikuwa dhaifu kuliko sote kwenye mlima. Mombasa hakuna milima. Lakini tukasema huyu ndiye atakayekwenda polepole, na msafara huenda kwa mwendo wa aliye nyuma. Mimi nilipewa uweka hazina. Kila mmoja alichanga shilingi 2,500.

La tatu lilikuwa mjadala wa swala, na huo ulichukua jioni mbili! Je, tutapunguza swala au hatutapunguza? Tulipima kwa simu. Kutoka Maseno hadi Luanda Kotieno pekee ni zaidi ya kilomita 60, na nia yetu ilikuwa Mfangano, ng'ambo zaidi. Mwalimu wetu akatuambia marhala mbili zinatimia, mkishatoka nje ya mji mna ruhusa. Tukafurahi kama watoto.

Tuliondoka tarehe 22 Desemba baada ya swala ya Alfajiri. Maseno iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko mita 1,134 hivi. Maana yake ni kwamba Mola amekuwekea mteremko. Tulishika njia ya Kombewa, umande bado uko majanini, na kwa saa nzima hakuna aliyekanyaga pedeli kwa nguvu. Breki za Black Mamba ni vyuma vinavyosukuma mpira kwenye rimu, zinalia kama fisi. Watoto walitoka majumbani mbio kutazama, wakipiga kelele "Ndiga! Ndiga!", ndio baiskeli hiyo kwa Kiluo.

Kutoka Kombewa tukaishika barabara ya lami inayoelekea Bondo, na Ndori tukaiacha tukakata kushoto kuingia Asembo. Hapo jua lilikuwa limeshapanda. Asembo ndiko alikozaliwa Grace Ogot mwaka 1930, yule mwandishi wa hadithi aliyefika kuwa waziri msaidizi. Nami niliyesoma hadithi zake kwa mtihani tu nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba pana mahali hasa, pana vumbi lake na miti yake, palipomlea. Kwa baiskeli unapapata mahali. Matatu ingetupitisha Asembo dakika kumi na tano na redio imefunguliwa mpaka mwisho.

Pancha ya kwanza tuliipata huko. Mzee mmoja fundi, chini ya mti, akaizamisha tyubu kwenye karai la maji kutafuta tundu, akaikwaruza, akabandika kiraka. Akatuuliza tunakwenda wapi. Tukamwambia Mfangano. Akatuuliza nani amekufa. Kwake yeye hakuna sababu nyingine ya vijana watano kwenda Mfangano kwa baiskeli, siku tatu kabla ya Krismasi. Tulipomwambia tunakwenda kutembea tu, akacheka, akakataa pesa za kiraka. Akasema, "Ziwa ni lenu pia."

Nitayapita haraka masaa yaliyofuata, kwa sababu yalikuwa jua na vumbi na kupokezana mizigo. Tulifika Luanda Kotieno baada ya saa nane mchana. Ni mahali ambapo nchi kavu inakwisha. Mbele yako ni mlango wa Ghuba ya Winam, maji yanayotoka Kisumu yakienda kuungana na ziwa kubwa, na ng'ambo unaiona milima ya Mbita na kisiwa cha Rusinga. Ukitaka kufika pale kwa barabara, itabidi uzunguke ghuba yote, Kisumu, Kendu Bay, Homa Bay, zaidi ya kilomita 200. Kwa feri ni kama saa moja. Karibu na gati tuliona magogo ya miti iliyokufa yamesimama ndani ya maji. Mwaka 2020 ziwa lilifurika, mwezi wa Mei likapita hata kile kipimo cha mwaka 1964 ambacho wazee walikuwa wakikisimulia, na watu wa fukwe walihama na nyumba zao zikabaki majini.

Feri ilikuwa nzuri. Baiskeli tulizifunga kando ya magari, jaketi za kuokolea zimepangwa mahali pake, upepo unavuma. Ndugu yetu wa Mumias, yule ambaye baba yake alikuwa na wasiwasi, alishika chuma kwa mikono miwili kutoka mwanzo hadi mwisho akisoma adhkari. Hakuna aliyemcheka.

Tukashuka Mbita kama saa kumi. Na hapa, ndugu zangu, ndipo penyewe.

Mpango wetu ulikuwa tupande boti siku hiyohiyo kwenda Mfangano. Mjomba wa ndugu yetu wa Kendu Bay ana nyumba huko, alikuwa akitungoja, chakula kimeshapikwa, malazi bure. Kwa hesabu yangu ya mweka hazina, kulala Mbita hakukuwemo kabisa. Tukafika penye boti. Ilikuwa boti ya mbao yenye injini nyuma, na watu wa kwenda nyumbani kwa Krismasi wamejaa. Mabati, kreti za soda, kuku, magodoro, akina mama na watoto wachanga. Kijana wa kupakia akasema nafasi ziko tano na baiskeli zitawekwa juu ya mabati. Amiri akauliza, "Jaketi ziko wapi?" Kijana akaonyesha rundo pale mbele. Amiri akaenda akazihesabu. Watu walikuwa zaidi ya thelathini. Jaketi zilikuwa kumi na moja, na mbili zimekatika kamba. Akatazama ziwani. Upepo wa alasiri ulikuwa umeshaamka na mawimbi yana povu jeupe. Akarudi akatuambia, "Hatupandi."

Jamani, ule ulikuwa mjadala! Wa Kendu Bay akasema yeye amepanda boti hizi tangu utotoni, na mjomba amechinja kuku kwa mkono wa Mwislamu aliyemtafuta kijiji cha pili ili sisi tule, tutamwambiaje? Wa gia akasema amiri ni muoga wa maji kama alivyo muoga wa milima, na hilo lilikuwa neno baya, baadaye aliomba radhi mwenyewe. Wa Mumias alinyamaza. Mimi nikataja kiasi cha pesa zilizobaki na bei ya kulala, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Boti inaita. Watu walioketi ndani wanatutazama, wengine wanatuambia twende, "hakuna kitu, twende!"

Amiri hakubishana. Alisema maneno machache. Alisema jamaa za mama yake ni wa Pemba. Mwaka 2011, tarehe 10 Septemba, meli ya Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kwenda Pemba, yeye alikuwa na miaka minane, na anakumbuka nyumba ilivyojaa watu waliokuja kuhani. Watu walikuwa wametoka kwenye Idi, wanarudi makwao. Meli ilipakia kupita kiasi, na watu waliona, wakapanda. Akasema, "Mmenichagua. Kama mnataka kunivua, nivueni hapa, tuchague mwingine, nami nitamfuata. Lakini mkiwa bado mmeniacha, hatupandi."

Hebu tafakarini. Siku nzima amiri alikuwa ametuambia pumzikeni hapa, nyweni maji, tusubiri wa nyuma. Kumtii kwa hayo ni rahisi, unayataka mwenyewe. Pale Mbita ndipo tulipotakiwa kumtii kwa jambo tusilolitaka, lenye gharama, na mbele za watu. Tulitazamana. Wa Mumias ndiye aliyevunja kimya, akaishika baiskeli yake akaigeuza. Tukamfuata.

Boti ikaondoka bila sisi. Na niseme wazi ili msifikiri nawapamba hadithi: ilifika salama. Mjomba alipiga simu usiku kutuambia imefika na majirani zake wako nyumbani. Wa gia akamtazama amiri. Amiri akasema, "Alhamdulillah, watu wamefika," na akaendelea kula. Mimi tangu siku ile nimelifikiria sana jibu hilo. Hakusema "lakini ingezama". Aliwafurahia wale watu.

Maana hizi si hadithi za bahari ya Pwani peke yake. Ziwa letu hili, mwaka 1996 tarehe 21 Mei, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, wakafa mamia ya watu. Mwaka 2018 tarehe 20 Septemba, MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, mita chache kutoka gatini, zaidi ya watu 220 wakafa. Zilikuwa meli na feri zenye vyuma na manahodha, wala si mitumbwi. Wazazi, mtoto akikuaga kwamba anakwenda kisiwani, muulize habari ya jaketi kabla ya habari ya nauli. (Nakoholewa. Haya, naendelea.)

Tulilala vyumba viwili vya wageni, watano, wengine chini. Usiku tulitoka nje, na tulichokiona kilifanya mpaka wa gia asahau hasira. Mwezi wa Rajab ulikuwa mwembamba, umeshazama mapema, na ziwa lote limejaa taa. Taa mamia kwa mamia, kama mji umejengwa juu ya maji. Ni wavuvi wa omena. Omena hufuata mwanga, na mvuvi huhitaji giza ili taa yake ionekane. Zamani walitumia karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi wana taa za betri na sola. Mwezi ukikaribia kupevuka, kazi inasimama. Kwa hiyo nao, kama sisi, wanahesabu miezi kwa mwandamo! Mvuvi mmoja tuliyezungumza naye asubuhi alijua umri wa mwezi kuliko sisi watoto wa madrasa tunaongoja tangazo la redio.

Kesho yake saa mbili asubuhi maji yalikuwa kama kioo. Tukapata boti yenye watu wachache, kila mmoja jaketi yake, tukavuka. Mfangano ni mlima uliosimama ndani ya ziwa, kijani, na nyumba zimejipanga chini kando ya maji na kupanda juu. Mjomba alitupokea kwa furaha kana kwamba hatukumlaza na kuku wake. Huyu mzee si Mwislamu. Alikuwa ametununulia turubai jipya la kuswalia, akaulizia upande. Tukamwonyesha, maana kwetu huku kibla ni kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo. Akalitandika mwenyewe na kuwafukuza mbuzi. Swala tano za pale nyuma ya nyumba yake, na wajukuu wake wamekaa ukutani wametulia kututazama, sitazisahau.

Chakula? Wale mlioniuliza habari ya halali, kisiwani ni rahisi kuliko Nairobi. Samaki hana kichinjo. Tulikula ngege kwa ugali, omena kwa ugali, mbuta kwa ugali. Siku ya pili wa Mombasa akaanza kuota biriani.

Jambo moja la afya, na hili ni la wazazi. Maji ya ufukweni yana kichocho. Kijidudu chake hutoka kwa konokono wadogo wa majini na huingia kwa ngozi, haihitaji hata kuyanywa. Unaona maji yanavutia, jua kali, unataka kuingia na kutia udhu humohumo. Tuliamua udhu ni kwa maji ya tangi ya mvua, au yaliyotekwa yakakaa ndoo siku mbili. Vijana wa Kisumu mnaoogelea mnajua ninasema nini. Mkienda hospitali, waambieni mmeingia ziwani.

Wenyeji wa Mfangano ni Wasuba. Mababu zao walivuka ziwa kutoka upande wa Buganda. Lugha yao, Kisuba, ni ya Kibantu, jamaa ya Kiganda na Kiluhya, lakini leo wengi wanazungumza Kiluo. Mzee wetu alijua Kisuba. Watoto wake wanakisikia kidogo, wajukuu hawana. Ndugu yetu wa Mumias, Mluhya, alikuwa akielewa maneno ya mzee ambayo wajukuu wa mzee mwenyewe hawakuyaelewa. Walikaa wakicheka, huyu anataja neno, yule anataja la kwao. Mimi nilikaa pembeni nikiwatazama wale watoto. Iko Makumbusho ya Amani ya Abasuba pale kisiwani, yanayohifadhi vyombo na historia yao, na ni jambo jema, lakini lugha haikai kabatini.

Tulipanda pia kuona michoro ya mapangoni, Kwitone na Mawanga. Ni duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, zimechorwa kwenye mwamba na watu wa kale wanaosemekana ni Watwa, wawindaji waliokuwako kabla ya wakulima na wavuvi wa leo. Baadaye wenyeji walipafanya mahali pa kuombea mvua. Sisi hatukwenda kuomba kitu pale, tulikwenda kutazama. Unasimama mbele ya mkono wa mtu aliyekufa zamani hujui jina lake, na rangi yake ingalipo.

Siku ya tatu tulirudi Mbita tukavuka daraja kuingia Rusinga. Daraja hili lina historia yake. Katika miaka ya 1980 walijenga tuta la mawe na udongo kuunganisha kisiwa na bara. Magari yakapita, lakini maji hayakupita. Yakatuama, magugu maji yakajazana, samaki wakahama mazalio yao, na boti zikalazimika kuzunguka kisiwa kizima. Miaka mingi baadaye ndipo likajengwa daraja, maji yakapata njia yake. Mtu mmoja wa pale alituambia ziwa limepumua.

Rusinga tuliizunguka kwa siku moja, na hapo Black Mamba zilionyesha kazi kwenye mawe na vumbi. Huko Kasawanga amezikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Kaburi lake limejengewa jengo lenye umbo la risasi. Nilisimama pale kama mwanafunzi. Mwaka 1959 huyu bwana, hajatimiza miaka thelathini, alisimamia ndege iliyopeleka wanafunzi 81 kusoma Marekani, na nyingine zikafuata. Sisi tulikuwa tunajisifu kwa kupeleka watu watano Mfangano. Kisiwa hichohicho, mwaka 1948, Mary Leakey alifukua fuvu la nyani wa kale anayeitwa Proconsul, ambaye wataalamu wanamkadiria miaka milioni 18. Juu ya fuvu hilo mjadala wetu wa jioni ulikuwa mrefu kuliko wa qasri, na sitauanzisha hapa, futari itatukuta.

Kurudi ni kupanda. Ule mteremko wa bure wa Kombewa tuliulipa wote. Tulishuka tukasukuma, na aliyekuwa wa mwisho kufika kibao cha Ikweta, Magharibi imekaribia, ni amiri wetu. Wa gia alikuwa naye, amembebea mkoba wake tangu Kombewa. Baba wa Mumias alikuwa amekuja mwenyewe na gari kutupokea. Alimkumbatia mwanawe, kisha akaenda akamshika amiri mkono, akauweka muda mrefu.

Kuhusu pesa, nilirudisha shilingi 140 kwa kila mmoja. Hesabu iko kwa katibu, na gharama ya kulala Mbita imo.

Dada zetu wameuliza kama safari hizi ni za wavulana tu. Jumuiya imekubali, baada ya Idi inshaallah, iwe safari ya familia kwenda Rusinga, kwa feri ya Luanda Kotieno, wazazi na watoto, wanaotaka baiskeli kwa baiskeli na wanaotaka gari kwa gari. Amiri atachaguliwa kwa kura siku ya mkutano, si siku ya safari. Majina mpeni katibu. Mwenye pampu nzuri aje nayo, zetu zimechoka.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.